Koili ya Pili

Amplifaya ilianza kuvuma kabla gita halijachomekwa.

Fundi aliinua kichwa. Waya ulikuwa bado umeviringwa kwenye msumari ukutani, mahali pake pa siku zote, wala hakukuwa na chochote kilichounganishwa. Hata hivyo mvumo ulitoka, mwembamba, kama wa mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Akaipiga kofi ubavuni, ikanyamaza. Vitu vya zamani havikosi vituko, akajisemea mama wa watu, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mdogo wake wa kiume. Watu walimwita Radi, maana akiimba mtaa mzima hujua, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani. Bendi yake ilipiga hevi meto, muziki wa magita ya kunguruma, na Jumamosi walikuwa na onyesho kubwa kuliko yote waliyowahi kupata. Kilichomsumbua ni pikapu, zile sumaku zilizosukwa kwa waya ambazo hukaa chini ya nyuzi za gita, zikizisikia na kuipelekea amplifaya habari.

"Nataka gita moja tu, dada," alikuwa amemwambia. "Lingurume kama lori linapanda mlima. Halafu nikivuta swichi liwe safi, kila uzi usikike peke yake, niimbe polepole juu yake."

"Wewe unataka mke mkali na mpole kwa siku moja. Mshika mawili moja humponyoka."

"Mbona shemeji alimpata?"

Dada mtu alicheka, akakubali. Alimlea mwenyewe huyu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kumkatalia hakujifunza mpaka leo.

Kwa ngurumo, dawa ni pikapu ya koili mbili, yaani misuko miwili ya waya, maana ni nene, ina nguvu, na koili moja huuzima mvumo wa mwenzake. Kwa sauti safi, koili moja yatosha. Basi fundi mjanja huweka swichi ya kuikata ile ya pili, na gita moja likawa mawili. Pikapu aliyoichagua aliinunua kwa mjane wa mtaa wa nyuma, ambaye marehemu mumewe alikuwa akizisuka kwa mkono.

"Itumie upendavyo," yule mama alimwambia. "Ila iache nzima. Usiitenganishe."

Fundi alidhani ni uchungu wa mjane tu unaosema. Jumatano asubuhi akaitenganisha, tena kwa madaha.

Saa nane mchana Radi alikuja kujaribu. Alianza na ngurumo, na makopo ya skrubu yakaruka rafuni, na wote wawili wakatabasamu kama watoto. Kisha akavuta swichi.

Sauti safi ilitoka, nzuri mno, kila uzi na njia yake. Radi akafumba macho, akaanza kuimba kwa chini. Hapo fundi akasikia harufu ya nta inayoungua, ilhali jiko lake la kuyeyushia nta ya kuzamishia pikapu lilikuwa baridi tangu juzi. Akageuka kuangalia. Alipogeuka, akasikia kwamba walioimba ni wawili.

Ile sauti nyingine ilikuwa nyuma ya Radi kwa hatua moja, ikiyaokota maneno yake yakidondoka. Kisha ikawa sambamba naye, na harufu ya nta ikazidi mpaka ikamkaba fundi kooni, naye akataka kusema acha, acha mdogo wangu, lakini ile sauti ilikuwa imeshampita Radi, ikawa mbele, ikiimba maneno ambayo yeye alikuwa hajayafikia, na alipoyafikia midomo yake ilicheza, shingo ikamkaza, mishipa ikamsimama, na kinywani mwake hakukutoka kitu hata pumzi.

Fundi aliirudisha swichi, akaung'oa waya. Wimbo haukukatika.

"Dada," amplifaya ikasema kwa sauti ya Radi, "mbona unaniangalia hivyo?"

Radi alikuwa amefumba mdomo, mikono yote miwili shingoni.

Mjane aliitwa kwa simu, akaja mbio na kanga begani. Aliishia mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye swichi ya gita.

"Umeitenganisha," akanong'ona.

"Nisamehe, mama. Ni nini hiki?"

"Ongea chini. Koili ya kwanza aliisuka mume wangu. Alikuwa anapenda kuimba akisuka, na jini likaipenda sauti yake, likajisukia humo humo. Jini lisilo na sauti yake lenyewe, mwanangu, huazima, wala halirudishi. Hiyo ya pili nimesuka mimi, kinyume cha ya kwanza, siku saba sijasema neno. Kazi yake ni kulizima."

"Na sauti ya mumeo?"

"Ikazimwa pamoja nalo. Miaka kumi na minane niliishi na mtu wa kuandika kwenye karatasi."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Yeye yumo humo. Wewe ungechoma?" Mjane alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilitaka angalau mikono ya watu iipige. Unganisha tena koili zote mbili, sasa hivi."

"Hakuna njia ya kuitoa sauti ya mdogo wangu kwanza?" Fundi alishtuka. Maneno yake yalitoka yakikwaruza, nusu yake yameishia njiani.

"Nyamaza! Limeanza kukunywa wewe."

Fundi alishika chuma cha kulehemu. Waya uliotakiwa kuunganishwa ulikuwa mmoja, mwekundu, kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono ukakataa.

"Dada, ni mimi," amplifaya ikasema taratibu. "Niko humu. Ukifunga hutanisikia tena. Nani alikuwa ananiitikia nikiota vibaya? Si wewe? Niitikie basi."

Alitaka kusema siwezi. Kilichotoka ni "si" peke yake.

Radi alilisikia hilo neno lililokatika. Akamwangalia dada yake, akamnyang'anya chuma. Dada akamrukia, akamshika kiwiko, akavuta kwa nguvu zote za mtu anayezuia mtoto asitumbukie kisimani, huku amplifaya ikipiga ukelele kwa sauti ya Radi, kisha kwa sauti ya mzee mmoja iliyomfanya mjane ajifunike uso na kuita jina la mumewe, kisha kwa sauti ya kike ambayo fundi aliitambua kuwa ni yake mwenyewe; na Radi, ambaye kwa nguvu alimshinda dada yake tangu akiwa na miaka kumi na minne, akamsukuma kwa bega, akainama, akaugusa waya mwekundu kwa chuma. Moshi mdogo ukapanda. Lehemu ikayeyuka, ikashika.

Amplifaya ikanyamaza.

Radi alifungua kinywa, akajaribu, akajaribu tena, kisha akakifunga. Alianza kupapasa mezani, chini ya koleo na mabaki ya waya, akitafuta kitu. Mjane alikuwa ameshafungua mkoba wake. Akampa penseli iliyochongwa vizuri na kijitabu kidogo, bila kuulizwa.

Radi aliandika, akamsogezea dada yake.

*Sema kitu, dada, nikusikie.*

Fundi akafungua kinywa amwitikie. Badala ya neno kikamtoka kilio, kikubwa, kamili, kisichopungua hata chembe, na kila alivyokisikia ndivyo alivyozidi kulia.