Sori Hii Ni ya Nini?

"Geuka kidogo, dada."

Mteja akageuka. Gauni la kijani lilimkaa kama ngozi ya pili: kiuno hakikulegea, bega halikuvuta, hata pini moja haikuhitajika. Fundi alikuwa amelishona siku mbili, kutoka kwenye vipande alivyokatiwa na mumewe, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi. Akafungua daftari la vipimo atafute ukurasa wa mteja huyu. Haukuwemo.

"Mume wangu alikupima lini?"

"Hajanipima."

Neno lilipomtoka ndipo mteja akajua amesema nini. Akabeba mkoba, akaondoka na gauni mwilini. Nguo alizokuja nazo zikabaki kwenye kiti.

Mumewe alikuwa nyuma ya pazia, kwenye meza ya kukatia. Punde simu ya Fundi ikalia. Ujumbe wa mumewe: "Sori."

"Uko hatua tatu kutoka hapa, unaniandikia?"

"Nimeomba sori, mke wangu."

"Nimeisoma. Ukinikanyaga mguu, sori. Ukiunguza kitambaa cha watu kwa pasi, sori. Mama yangu alipofariki, wenzio walinipa pole, wewe ukanipa sori. Hilo neno la Kizungu umelifanya kijakazi, unalituma kila mahali. Hii ya leo ni ya nini?"

"Si unajua."

"Mimi najua gauni. Habari unayo wewe."

"Shetani tu alinipitia."

"Shetani hana futi ya kupimia. Sema wewe."

Pazia likasogea. Mkasi akatoka, vidole vyeupe kwa chaki, macho chini.

"Natembea naye. Tangu mvua zilipoanza. Mwenyewe alikataa kuja hapa. Nikamwambia aje tu, wewe hutagundua."

Fundi akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma zaidi. Akaikunja sketi ya yule mwanamke, akalalisha blauzi juu yake, akanyoosha kola.

"Hapo sasa umesema. Mwanzo sikuwa na cha kukusamehe, nilikuwa na neno tu. Sasa ninacho. Nenda kwa dada yako. Nikikiweza, nitakuita."

"Na usipokiweza?"

"Nitakuita vilevile. Nitakuambia kwa maneno kamili."