Masikio ya Bi Mdogo

Nyumba ya dobi ilijulikana kwa usafi. Mashuka yalianikwa uani tangu asubuhi na mapema, na kufikia saa nne kamba zote tatu zilikuwa zimejaa. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupigia pasi. Mke wa dobi alisimama humo kutwa, akinyoosha mashati na kuyapanga kwa majina ya wenyewe. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Bibi, mama yake dobi. Alihamia hapo baada ya kufiwa na mumewe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na miguu ilimtosha kwenda msalani na kurudi tu.

Bibi alikuja na sanduku moja na mbwa mmoja.

Mbwa huyo alikuwa wa jamii ya spanieli wadogo, wanaofugwa ili wakae na watu. Alikuwa mweupe mwenye mabaka ya hudhurungi, macho makubwa, na masikio marefu yaliyoning'inia hadi shingoni. Aliitwa Bi Mdogo. Aliyemleta ni marehemu mume wa Bibi. Siku moja mzee huyo alimwambia mkewe kwamba mke mmoja hamtoshi, jioni analeta wa pili. Bibi akanuna kutwa nzima. Jioni mzee akaingia na kitoto cha mbwa ndani ya koti. Kisa hiki Bibi alimsimulia kila mgeni, na mwishoni alicheka mwenyewe hata kama mgeni hakucheka.

Bi Mdogo hakujua kulinda nyumba. Mwizi angeingia, angempokea kwa kumlamba mikono. Dobi alinung'unika kwamba analisha mbwa asiye na kazi. Hakuwa sahihi. Mbwa wa aina hii ana kazi, nayo ni kukaa na mtu. Bibi alipoita, "Bi Mdogo wee," mbwa alitoka popote alipokuwa, akapanda kitandani na kulaza kichwa juu ya goti lake. Bibi hakuona vizuri, lakini uzito ule gotini ulimwambia kwamba hayuko peke yake.

Mwezi wa tatu tangu Bibi ahamie, mbwa akaanza kunuka. Mteja mmoja alirudisha shati, akasema linanuka mbwa. Dobi aliona aibu. Shati lile alilifua upya bure.

Sasa, dobi alikuwa na imani moja katika kazi yake: kinachonuka, kioshwe; kikinuka tena, kioshwe zaidi. Imani hiyo ilikuwa imemlisha miaka ishirini. Hakuona kwa nini mbwa awe tofauti na foronya. Kila asubuhi, akimaliza mashuka, alimtia Bi Mdogo katika karai lilelile, kwa sabuni ileile. Alimmwagia maji kichwani hadi yakaingia masikioni. Kisha alimwacha uani akauke mwenyewe, chini ya nguo mbichi.

Harufu haikuisha. Dobi akaongeza kwenye maji matone mawili matatu ya dawa ya madoa.

Bi Mdogo akaanza kutikisa kichwa. Alijikuna masikio kwa mguu wa nyuma, na alilia akiguswa. Bibi alimwambia mwanawe kwamba mbwa anaumwa. Dobi akajibu kwamba hapendi maji tu, atazoea. Bibi akasema tena kesho yake, na tena wiki iliyofuata. Mke wa dobi naye aliona uchafu wa kahawia ndani ya sikio, akamwambia mumewe. Dobi akasema basi bado hajatakata, akaongeza dawa.

Hapa ndipo ninapomkasirikia dobi, wala sitaficha. Kutojua si kosa. Hakuna aliyezaliwa anajua. Kosa ni kuambiwa mara nne na watu wawili wenye akili zao, kisha ukaendelea kumwaga maji.

Mwisho akamfukuza mbwa ndani ya nyumba. Akamwekea boksi uani, karibu na bomba. Bibi aliita kutoka chumbani, "Bi Mdogo wee," na mbwa hakuja. Dobi naye alimwita, mbwa akabaki amelala. Dobi akasema huyu sasa ameota kiburi. Akamfuata, akampiga kandambili mbili za mgongo. Bibi alisikia kilio kile akiwa kitandani. Siku hiyo hakula.

Kulikuwa na mama mmoja, daktari wa mifugo, aliyeleta makoti yake meupe kwa dobi kila Ijumaa. Alikuwa mteja wa mwaka mzima. Ijumaa hiyo makoti yalikuwa bado hayajapigwa pasi, akakaa kusubiri. Alimsikia Bibi akiita, akanyamaza, akaita tena. Akauliza anamwita nani. Mke wa dobi akamweleza, kwa sauti ya chini, kuhusu mbwa mwenye kiburi.

Daktari aliomba kumwona. Alisimama nyuma ya boksi, akapiga makofi kwa nguvu. Bi Mdogo hakushtuka. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja. Daktari alichuchumaa, akamgusa kwanza ili asimshtue, kisha akainua sikio taratibu. Harufu ilimfikia hata dobi aliyekuwa kwenye kamba. Daktari akauliza mbwa huoshwaje. Dobi akaonyesha karai, sabuni na chupa ya dawa, tena kwa fahari kidogo.

"Harufu haitoki kwenye manyoya," daktari alisema. "Inatoka ndani ya masikio. Yameoza."

"Lakini namwosha kila siku, daktari."

"Ndiyo sababu. Nikuulize jambo la kazi yako. Shuka ukilikunja bichi ukalifungia kabatini, linakuwaje?"

"Linaota koga."

"Na ukilifua, ukalirudisha kabatini bichi tena?"

Dobi alilitazama karai. Hakuna mtu mtaa ule aliyelijua jibu hilo kuliko yeye.

"Sikio lake ndilo kabati," daktari akaendelea. "Limefunikwa, lina nywele, halipati hewa. Na dawa ya madoa ukiizidisha hufanya nini kwenye nguo?"

"Inatoboa," dobi alisema.

Baadaye daktari aliuliza kwa nini hawakumwuliza mapema, na kila Ijumaa alikuwa akisimama mlangoni pao. Dobi alisema hakudhani kuosha ni jambo la daktari.

Walimpeleka kliniki siku hiyohiyo. Daktari alipima moyo kwanza, kwa sababu mbwa wa aina hii wengi huwa na moyo dhaifu na si vizuri kuwalaza kwa dawa bila kupima. Kisha akamlaza, akasafisha masikio yote mawili. Alitoa matone na vidonge vya wiki tatu. Mwishoni alimkalisha dobi na mkewe akawaambia ukweli.

"Mngekuja wiki ile ya kwanza, ingekuwa matone ya siku kumi, basi. Sasa maumivu nitayaondoa. Kusikia hakutarudi. Hakuwa na kiburi. Hakuwasikia."

Mke wa dobi alilia njia nzima ya kurudi. Dobi alimbeba mbwa kifuani na kutazama mbele.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha ni mke wa dobi. Sasa Bi Mdogo huoshwa mara moja kwa mwezi, kwa sabuni ya mbwa, na pamba huwekwa mlangoni mwa masikio ili maji yasiingie. Akishaoshwa hukaushwa kwa taulo hadi chini ya masikio. Manyoya yake huchanwa kila baada ya siku moja, hasa nyuma ya masikio yanakosokotana. Kila Jumamosi masikio huinuliwa, yakatazamwa na kunuswa. Hakuna anayechokoa ndani kwa kijiti, wala kumimina dawa ya kubuni. Akitikisa kichwa, akijikuna sana au akitoa uchafu, anapelekwa kwa daktari wiki hiyohiyo. Chakula cha ziada hapewi kwa kuhurumiwa, kwa kuwa unene huusumbua moyo. Wala haachwi peke yake kutwa.

Amerudi chumbani kwa Bibi. Hanuki. Anakula, na akiguswa kichwani halii. Daktari alimfundisha Bibi kugonga sakafu kwa kisigino, kwa kuwa mbwa kiziwi husikia mtikiso kwa miguu yake. Bibi hugonga mara mbili, na Bi Mdogo huja. Ila bado Bibi huanza kwa kumwita jina. Mkwewe alimkumbusha siku moja kwamba haisaidii. Bibi akasema anajua.

Alasiri moja dobi aliacha kazi, akaingia chumba cha nyuma, akakaa sakafuni.

"Mama, nisamehe."

"Mimi hukunifanya kitu," Bibi alisema, akiendelea kuchana manyoya. "Mwambie mwenyewe."

Bi Mdogo alikuwa amelala gotini, amempa dobi mgongo. Dobi alimwomba msamaha, kwa jina lake, polepole. Mbwa hakugeuka. Dobi akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wote wafanyavyo mbele ya kiziwi, na Bi Mdogo akaendelea kulala.