Puto la Kinyozi

Kila alasiri Kasuku alirudi kutoka shule, akatundika mkoba msumarini, akanawa mikono, kisha akapuliza puto. Usidhani kwao kulikuwa na sherehe kila siku. Puto lile lilikuwa kichwa cha mteja.

Baba yake alikuwa kinyozi, tena si wa kubahatisha. Siku moja alipanda pikipiki, kofia ngumu akaitundika kwenye usukani, kana kwamba usukani ndio wenye akili za kulindwa. Pikipiki ikateleza, kichwa chake kikagonga ukingo wa barabara, ubongo ukaumia. Alipotoka hospitali, ukimtazama kwa mbali alikuwa mzima. Ukikaa naye, uliona mkono wa kulia ukitetemeka na maneno yakimkimbia kama kuku aliyeona kisu.

Nyumbani walimpenda kupita kiasi. Bibi alimfunga vifungo vya shati. Mama alimshikia kikombe. Kasuku, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye jina hilo hakulipata kwa ukimya, alimmalizia maneno.

"Naomba ma..." baba alianza siku moja.

"Maji. Mama, baba ana kiu."

Baba alikuwa anataka mashine yake ya kunyolea. Akayanywa maji kwa unyonge.

Mama wa mazoezi, yule mtaalamu wa hospitali aliyekuja kumwona, alicheka kidogo. "Ubongo ulioumia hujifunza kwa kurudiarudia. Mkimfanyia kila kitu, nani anajifunza?"

"Mimi," bibi akajibu. "Kwa vifungo, nimeshahitimu."

Mama wa mazoezi akamgeukia baba. "Wewe unataka nini?"

Baba akatafuta neno. Kasuku akauma mdomo. Hatimaye likapatikana: "Kiti... changu." Kile cha kinyozi, kilichokuwa kinakula vumbi dukani.

Wakakubaliana. Baba angepaka puto povu la sabuni, kisha alinyoe kwa wembe wa mpini. Siku atakayolimaliza mbele ya mama wa mazoezi bila kulipasua, angeruhusiwa kushika mashine na kunyoa kichwa cha mtu. Sharti lilikuwa moja: wa nyumbani wasimguse wala wasimsemee mpaka aombe mwenyewe.

Basi nyumba ikageuka uwanja wa mapambano. Paa! Povu likarukia miwani ya bibi.

"Mteja wa kwanza amefariki," akasema mjomba, mwenye nywele kama kichaka, ambaye alikuwa ameapa kutonyolewa na mtu mwingine ila baba. Baba akacheka, kicheko cha kwanza tangu ajali. Kasuku akakimbilia puto jingine.

Kadiri siku zilivyopita, mkono ulitulia. Jioni ya kuamkia siku ya kupimwa hospitalini, baba alikuwa amebakiza sehemu ndogo tu, na Kasuku hakuweza kuvumilia. "Hapo kushoto, baba. Polepole. Lete nikusaidie." Akamshika mkono. Paa!

Baba akautupa wembe, akaenda chumbani akageukia ukuta. "Kesho... siendi."

"Hasira za ghafla ni sehemu ya kuumia kwake," mama akamwambia Kasuku. "Ila hii ya leo, mwanangu, tumeitafuta wenyewe."

Kasuku akasimama mlangoni. "Baba, nisamehe. Kesho nitakaa kimya."

"Wewe?" baba akauliza. Akatafuta neno, akalipata. "Uta... pasuka."

Kasuku akacheka mpaka machozi. Alijua kesho wataenda.

Hospitalini, baba alipoanza kupaka povu, Kasuku alijaza funda la maji mdomoni, maana alijijua. Wembe ukateremka. Mkono ukatetemeka. Baba akasimama, akapumua, akaegemeza kiwiko cha kulia kwenye kiganja cha kushoto. Hakuna aliyemfundisha. Macho ya Kasuku yakamtoka, mashavu yakamvimba, lakini hakutikisika. Mstari baada ya mstari, povu likaisha. Puto likang'aa, zima.

Maji yote ya Kasuku yakaishia kwenye koti la mama wa mazoezi.

Saa ileile wakaenda dukani. Kiti kikafutwa vumbi, mjomba akakikalia kama mfalme, mashine ikaanza kunguruma. Baba alipumzika mara kadhaa, na kila mmoja akangoja. Alipomaliza, mjomba akajitazama kwenye kioo.

"Shemeji, huku nyuma umenichongea barabara."

"Ya... vumbi," baba akajibu, na duka zima likaangua kicheko.

Kisha akamvuta binti yake karibu. "Kasuku. Jana ulini... shika mkono. Leo ume..."

Kasuku alikuwa na maneno saba tayari kwenye ncha ya ulimi. Akayameza yote.

"...umeningoja," baba akamalizia. "Kumsaidia mtu si... kumfanyia. Ni kumpa nafasi, na kuwa... karibu."

Mjomba akaaga, akatoka kuelekea pikipiki yake. Baba akamfuata kwa hatua za polepole, akaitoa kofia ngumu kwenye usukani, akamkabidhi mkononi.

"Kichwa hicho... nimekitolea jasho," akasema. "Vaa."