Postikadi ya Bustani Isiyo na Jina

Fridolin, mkata tiketi wa stesheni ya Ifakara, alikuwa na postikadi sitini na tatu za bustani za miji ya kale, zote kazibandika ukutani mwa chumba cha kulia, nyumbani kwake Kibaoni. Alizipata kwa kuwaomba wageni waliopita na treni. Majirani walimcheka: mtu hajafika hata Dodoma, lakini atakusimulia chemchemi za Vienna. Naye alizidi kuwachekesha. Kila mchana wali ulipotengwa aliinua macho ukutani, akawakaribisha watu wa kwenye picha, kama anavyokaribishwa yeyote apitaye watu wakila. Mkewe Valeria alikuwa akicheka mpaka anapaliwa.

Masika ya mwaka 1996, abiria mmoja wa Mlimba alimsukumia kadi nyingine mkononi, akaondoka bila kusubiri shukrani. Haikuwa na jina la mji. Ilikuwa na miti, njia ya kokoto, na mwanamke mwenye kofia amekaa kwenye benchi, uso kautazamisha kando.

Siku ya tatu tangu aibandike ukutani, Fridolin alipokaribisha watu chakula, yule mwanamke alikuwa anamtazama. Akajiambia ni macho ya uzee. Kesho yake benchi lilikuwa tupu.

Nyumba ikaanza kunuka majani mabichi yaliyokatwa. Saa saba mchana, jua likiwaka, kokoto zilisikika zikisagwa, hatua kwa hatua, juu ya sakafu ya saruji isiyo na hata punje ya mchanga. Valeria akawa anamaliza sahani mbili na bado anakonda, akaacha kusalimia majirani, akasahau Kipogoro alichozaliwa nacho, akawa anaushika wali kwa ncha za vidole kama anayeogopa kuchafuka, na Fridolin, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, akaogopa hata kumgusa mkono, maana ulikuwa wa baridi, na siku moja akiwa uani alimsikia jikoni akinong'ona na mwanamke mwingine, na sauti zote mbili zilikuwa za Valeria.

Hapo alishindwa. Aliibandua ile kadi huku amefumba macho kwa hofu, akaitia kwenye jiko la mkaa.

Asubuhi alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akampeleka kwa Bibi Rabia, mganga. Valeria alibaki nje. Fridolin akaamkia, akaeleza yote.

"Ulimkaribisha mwenyewe?" Bibi Rabia aliuliza.

"Nilikuwa natania, bibi."

"Yeye hakutania. Jini aliyekaribishwa hafukuzwi. Anabembelezwa arudi, na njia yake ni ile kadi. Umekuja nayo?"

"Nimeichoma."

Bibi Rabia aliufunga mkoba wake wa dawa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo sana.

"Jini wa namna hii haachi kiti chake wazi. Akichukua nafasi ya mtu, huyo mtu anakwenda kukaa kwake. Kabla hujaitia motoni, baba, uliangalia ni nani amekaa kwenye benchi?"

Fridolin hakuwa ameangalia. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

"Mume wangu," sauti iliita kutoka nje, kwa upole, "twende nyumbani."

Alitoka, akashika baiskeli. Mwanamke akakaa nyuma, akamshika kiuno kwa mikono ya baridi, na Fridolin akaanza kukanyaga kuelekea Kibaoni, kwa kuwa hapakuwa na kwingine pa kumpeleka.