Jua Ndani ya Sanduku la Rael

Mwaka huo mvua ilikataa kwenda. Mahindi ya Rael yalikuwa yamevunwa na kupukuchwa, lakini jua la Moiben lilikuwa kama mgeni mwenye haraka, likiingia tu linaaga.

"Tuyaweke ghalani hivyo hivyo," alisema Kimeli, mumewe.

"Yataoza, Baba Jepkemboi. Mwaka jana tulikula yenye ukungu, watoto wakaugua tumbo wiki nzima."

Rael alikuwa na jambo moyoni. Katika darasa la ngumbaru, ambako watu wazima walifundishwa kusoma, alisoma hadithi kwenye gazeti kuukuu. Watu wa mwezini walifungia jua kwenye chupa, wakaziba kwa kizibo, wakakausha nafaka usiku kucha. Alijua ni porojo, lakini porojo hiyo ilimnyima usingizi.

Akachukua sanduku la mbao, akalipaka masizi ndani. Akamwaga punje, akafunika kwa nailoni inayopitisha mwanga. Kila ufa akauziba kwa udongo, jua lisitoroke.

Siku ya pili matone ya maji yalining'inia chini ya nailoni. Punje za pembeni zilikuwa na ukungu wa kijani. Kimeli akachungulia.

"Hilo jua lako la gazeti limetuletea mvua ndani ya sanduku. Leo mahindi yote yanaingia ghalani."

Wingu jeusi lilikuwa likipanda. Rael aliona aibu, na hofu ikamshika.

"Ningoje kidogo tu," alisema, akakimbia kwa jirani, ambako Wepukhulu, bwana shamba, alikuwa akikagua ghala.

Wepukhulu alikuja, akaingiza mkono sandukuni, akautoa haraka.

"Nani amekufundisha hii?"

"Ni hadithi ya uongo, Bwana Shamba."

"Ni uongo kweli. Jua halifungiwi kwa chupa likangoja usiku. Lakini Mama, hili joto si uongo. Shida ni kwamba umefunga mlango. Maji yakitoka kwa mahindi yanakuwa mvuke. Mvuke ukikosa njia, unarudi pale pale. Toboa chini, upepo uingie. Toboa juu, mvuke utoke. Tandaza punje ziwe chache, na uzigeuze."

"Na hizi za kijani?"

"Tupa. Usipikie watoto, usipee kuku. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto."

Kimeli alisimama na gunia mkononi. Akaliweka chini, akaenda kuleta msumari na nyundo.

Walikausha kidogo kidogo, kila jua lilipochungulia. Siku ya tano Wepukhulu alirudi. Alitia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa, akaiweka chini.

"Chumvi ikishika kwa chupa, bado ni mabichi."

Wakangoja. Rael hakuthubutu kutazama. Kimeli ndiye aliyeinua chupa na kuigeuza. Chumvi yote iliteremka, haikushika popote.

Jioni hiyo waliyaweka mahindi ya kwanza ghalani. Mvua ikapiga mabati, na safari hii hakuna aliyeinua kichwa.

"Mama Jepkemboi," Kimeli alisema, "lete lile gazeti. Nisomee kuhusu hao watu wa mwezi."

"Si ni uongo?"

"Najua. Soma polepole. Pengine kuna kitu kingine tuliruka."