Tundu Kwenye Picha ya Mama

Bahasha ilirudi kutoka Mbarara ikinuka maziwa. Si haya maziwa ya mifuko ya dukani, bali maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, ile harufu ambayo wazee wa kutoka Minembwe, milimani kwao Kongo, wakitajiwa hunyamaza kwanza. Kantengwa aliinusa bahasha, akainusa mikono yake, akatazama huku na huku ndani ya chumba chake kimoja cha udongo. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na kibuyu. Na tangu kaka yake aondoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hakuwa hata na mtu wa kumuuliza kama naye anaisikia.

Akaamua harufu imetoka kwa yule mama aliyekaa naye kwenye gari hadi Rwekubo, aliyekuwa na madumu ya maziwa. Akaiweka bahasha kitandani, akachemsha chai.

Picha zenyewe zilikuwa zimelala miaka mingi kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliyezitaka ni kaka yake, Eliezeri, aliyehamishiwa Amerika na mke na watoto, huku Kantengwa akibaki kusubiri zamu yake ambayo haikuwa na dalili ya kufika. "Unitumie picha zote mu simu," Eliezeri alimwambia. "Bana bangu habayue kwetu, habayue mutu hata mumoja." Basi, kwa ajili ya watoto hao wasiojua kwao, Kantengwa akazimwaga mkekani, akazipanga: za kanisani huku, za harusi kule, na za ng'ombe peke yake, kwa kuwa zilikuwa nyingi na, tuseme ukweli, ng'ombe walipigwa picha vizuri kuliko watu.

Chini kabisa ilikuwa ile aliyoijua. Baba amesimama na tai yake. Eliezeri, kijana mdogo, ameshika mguu wa kiti. Kwenye kiti ameketi mama na mtoto mchanga mapajani, na mtoto huyo ni Kantengwa. Lakini penye uso wa mama palikuwa na tundu la mraba.

Mama alipougua, Kantengwa akiwa bado mchanga, akalazimika kuvuka mpaka kwenda hospitali ya Bujumbura, alihitaji kadi ya utambulisho. Kadi ilitaka picha, na mpiga picha alikuwa ameshakimbia vita. Baba akachukua wembe, akaukata uso wa mkewe kwenye picha ya familia, ukabandikwa kwenye kadi. Wengi walifanya hivyo siku zile. Kambini kuna picha nyingi za watu wenye matundu. Mama akaenda na uso wake, hakurudi, na hakuna aliyejua alipozikwa. Baba alikufa bado akisema kwamba mwenye uso atarudi nao.

Kwa hiyo Kantengwa hakuwahi kuujua uso wa mama yake. Aliona wivu, wivu wa kweli, kwa watu waliofiwa na mama wanaowakumbuka.

Huko Mbarara alikuwa amezipeleka kwa Gasore, kijana wa kwao mwenye chumba cha skana na kompyuta karibu na soko. Gasore alifanya kazi yake vizuri, akifuta mikunjo na madoa ya maji, mpaka alipofika kwenye ile picha.

"Hii tundu niiache?"

"Uizibe."

"Na sura gani? Uko na picha yake ingine?"

"Sina. Lakini batu bote banasema tunafanana. Weka yangu."

Gasore akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Dada, sura ya mutu muzima mu fasi ya mutu mwenye alikufa? Mimi naogopa kidogo."

"Wewe ni fundi ao ni pasta?"

Akampiga picha palepale. Akamuuliza kama aliondoe kovu lake la nyusi ya kushoto, Kantengwa akamwambia afanye haraka tu, gari litamwacha. Gasore akaugeuza ule uso kuwa wa kijivu na wa zamani, akaupachika tunduni. Ukakaa kana kwamba ulikuwa unangojewa. Kantengwa akalia mbele za wateja bila aibu. Gasore akamchapia nakala moja ya karatasi, akamwekea nyingine kwenye simu, na picha zote zikatumwa kwa Eliezeri siku hiyohiyo.

Jioni ile ile ya bahasha, saa ambayo watu wenye ng'ombe hukama, sauti ilianza. Chwa, chwa, chwa. Ilikuwa sauti ya kibuyu kinachotikiswa ili siagi ishike, nayo ilitoka pembeni mwa kitanda alipokuwa ameitundika picha. Kantengwa alisimama na kikombe mkononi. Sauti ikanyamaza.

"Kantengwa," mtu akaita taratibu.

Ungekimbia? Kila mtu husema angekimbia. Lakini Kantengwa alikuwa amekaa jioni nyingi mno katika chumba ambamo hakuna aliyemwita jina, na jambo la kwanza aliloliona moyoni mwake halikuwa hofu, ilikuwa furaha.

"Karibu, mama," alisema.

Tangu hapo alikuwa na mwenzake. Hakumwona. Alimsikia kila saa ya kukama, Kantengwa akimsimulia habari za siku, na chwa, chwa ya kibuyu ikimjibu. Alirudi mapema kutoka shambani. Aliacha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Usingizi wake ukawa mtamu. Ile harufu iliingia kwenye nguo zake, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa.

Kisha mambo yakaanza kupinda. Muuza nyanya wa Base Camp, katikati ya kambi, ambaye humtania kila wiki, alimpimia nyanya bila kumtazama, akamuuliza kama ni mgeni. Kwenye kioo chake kidogo Kantengwa aliona uso wake umefifia, kama nguo iliyofuliwa sana. Pichani, mama alikuwa ametulia vizuri zaidi. Kovu la nyusi lilionekana wazi kuliko siku ya Gasore.

Siku moja alirudi kutoka mtoni akamkuta Mukandoli mlangoni. Mukandoli ni mama wa maombi wa kanisa lao, mzee ambaye aliimba naye, aliyemzika baba yake, aliyemfunga kitambaa kichwani alipokuwa msichana. Mzee alimtazama usoni muda mrefu.

"Unatafuta nani, mwanangu?"

"Mama Mukandoli, ni miye. Ni Kantengwa."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Kantengwa iko mu nyumba," alinong'ona. "Nimemusalimia sasa hivi ku dirisha. Anatikisa kibuyu."

Wote wawili wakageuka kuutazama mlango uliofungwa kwa kufuli kwa nje, na, mchana ule wa jua kali, kuku wakitifua vumbi uani na redio ya jirani ikisoma habari, wakaisikia kutoka ndani ile chwa, chwa, polepole, bila haraka, kama ya mtu aliye kwake na asiyeogopa kusikiwa, ikaendelea, ikaendelea, mpaka Mukandoli akaushika mkono wa Kantengwa na kuuminya na kuanza kutaja jina la Yesu kwa midomo mikavu, na hapo kibuyu kikanyamaza, na kitu kikaja karibu na mlango, upande wa ndani, kikasimama kuwasikiliza.

Kantengwa akamweleza yote.

"Ulifanya nini!" Mukandoli alisema kwa sauti ya chini. "Fasi ya mutu haizibwe na mutu mwengine. Ile si mama yako. Mama yako Mungu ndiye anayua kwenye alilala. Ile ni pepo yenye ilikosa sura, weye ukaipatia. Ikikomaa, weye utakuwa hauna sura."

Wanamaombi walikuja watatu. Hawakupiga kelele, kwani walikuwa wanaogopa. Walifungua mlango, wakaimba wimbo mmoja kwa sauti ndogo, na Mukandoli akampa Kantengwa wembe.

"Mwenye aliikaribisha ndiye anaiondosha. Kata."

Kantengwa aliishusha picha, akaiweka mkekani. Uso ulimtazama. Haukuwa wake tena. Ulikuwa wa mwanamke mkubwa kidogo kumzidi, mchovu, mzuri, mwenye huruma, uso ambao angeuchagua kama watu wangepewa kuchagua mama.

"Mwanangu," sauti ilisema sikioni mwake peke yake, "usinikate mara ya pili."

Akakata. Alikata huku akilia kwa sauti, pande zote nne, na ule mraba ulipotoka chumba kizima kilinuka maziwa yaliyooza, hata mmoja wa wanamaombi akatapika mlangoni. Wakauchoma kwenye jiko la mkaa. Mukandoli akaichukua simu, akasimamia mpaka picha ikafutwa.

"Kuko ingine?" aliuliza.

Kantengwa alifikiri juu ya Eliezeri. Alifikiri kwamba Amerika ni mbali, ng'ambo ya bahari, na kwamba ikifutwa na huko basi mama hatakuwa na uso popote duniani. Alitaka ubaki mahali pamoja tu. Pamoja tu, hata kama si pake.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa hii tu."

Saa ya kukama ilipofika, hapakuwa na sauti. Alikaa kitandani na mikono mapajani. Alimsubiri aliyemfukuza, akijua ni ujinga, na upweke aliousikia ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa alijua chumba kile kikiwa na mtu kinakuwaje. Siku zikapita hivyo. Muuza nyanya bado alimwita mgeni. Mwisho hofu ikaishinda aibu, akampigia kaka yake simu ya video ili amwambie aifute.

Eliezeri alipokea haraka. Nyuma yake palikuwa na sebule yenye mwanga, watoto wakicheka.

"Kaka, ile picha ya mama, uifute. Leo hii. Nitakueleza."

"Nani anaongea?" Eliezeri alisogeza uso kwenye kioo cha simu. "Sioni mutu. Kuko fasi nyeupe tu."

"Ni miye. Kantengwa."

Eliezeri alisogeza simu mbali na uso. Kisha akaongea kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Usichezee batu. Kantengwa tuko naye hapa. Alifika juzi, Mungu amejibu. Weye ni nani mwenye uliiba simu yake?"

Chwa, chwa, chwa, ilisikika kutoka sebuleni.

Kantengwa akaangalia pembeni mwa simu, pale ambapo mtu hujiona mwenyewe. Aliuona ukuta wake wa udongo, aliiona kanga yake na mabega yake, na juu ya mabega palikuwa na mraba mtupu. Akapeleka kidole kwenye nyusi ya kushoto kutafuta kovu. Ngozi ilikuwa laini.

"Kaka, nisikilize sauti. Unanijua sauti."

"Ni nani, kaka?" mwanamke aliuliza huko nyuma, kwa sauti ileile ya Kantengwa.

Akaja hadi kwenye simu, mtoto mdogo wa Eliezeri akiwa amemshika shingoni na kumwita shangazi. Alikuwa na kovu kwenye nyusi. Alimtazama Kantengwa, na hakukuwa na chuki machoni mwake. Alionekana kumwonea huruma.

"Ni mutu hatumuyue," alisema, akanyoosha kidole, akakata simu.

Kantengwa alipiga tena, na tena. Nje watu walikuwa wanaenda kwenye mazoezi ya kwaya, wakipita mbele ya mlango wake uliokuwa wazi, na hakuna aliyegeuka kumsalimu. Chumba hakikunuka kitu chochote.