Neno Alilonyimwa Mke wa Seremala

Kile kifaa cha mbao kilikuwa na joto.

Mkunga alikiokota kwenye trei saa mbili asubuhi, zamu ndiyo kwanza inaanza. Ni kitu kidogo chenye umbo la tarumbeta; unakibana kati ya sikio lako na tumbo la mjamzito, ukausikia moyo wa mtoto. Asubuhi huwa cha baridi kiasi cha kumshtua mama. Siku hiyo kilikuwa na joto upande mmoja tu, ule wa sikio, kana kwamba kuna mtu ametoka kusikiliza sasa hivi.

"Nani alikuwa na hiki?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mwanangu," alijibu mama msafishaji, huku akikamua dekio kwenye ndoo. "Labda jua."

Dirisha la upande ule halikupata jua mpaka alasiri. Mkunga alilijua hilo, lakini akakifuta kifaa na kuanza kazi.

Wodi nzima walimwita Sista Ushahidi. Muuguzi mwenzake akisema mgonjwa fulani amerogwa, yeye huuliza, "Ushahidi uko wapi?" na mazungumzo yanaishia hapo. Kusali aliacha zamani, bila ugomvi na mtu, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Aliamini mikono iliyooshwa vizuri, damu iliyopimwa mapema na daktari asiyechelewa. "Mimi namwamini binadamu," alizoea kusema, kisha akaongeza kwa utani, "tena si wote." Na kazi aliijua barabara. Wanawake waliokuwa na hofu walikuwa wakiulizia zamu yake.

Lakini wiki tatu kabla ya asubuhi hiyo, mke wa fundi seremala alijifungua kitanda cha tatu. Mtoto wa kiume alitoka salama. Kisha ikaja damu, na haikukatika. Mkunga alifanya kila alichofundishwa: dripu mbili, sindano, mikono yote miwili kulibana tumbo, na sauti ya kumwita daktari iliyofika hadi getini. Katikati ya yote hayo yule mwanamke alimshika mkono wa gauni.

"Sista, niombee. Neno moja tu."

Mkunga alikuwa hajala tangu alfajiri, jasho likimwingia machoni. Akamjibu bila hata kumtazama, "Hakuna anayesikiliza, mama. Tulia, niache nifanye kazi."

Mkono ukaliachia gauni. Mwanamke akatulia kweli. Robo saa baadaye alikuwa amekufa.

Faili lilikaguliwa na wakubwa watatu, wakaliona safi. Walimpa hata pole. Dawa zote ziliandikwa na saa zake. Lile neno halikuwa na mahali pa kuandikwa. Nyumbani mkunga alijiambia kwamba amesema kweli, na kweli si dhambi. Halafu alikuwa akiamka na kujikuta ameshika mkono wa nguo yake mwenyewe.

Siku ya pili baada ya kifaa kuwa na joto, ilikuja harufu. Ilikaa kitanda cha tatu tu, harufu ya chuma kilicholoa. Mama msafishaji alipiga deki mara nne kwa dawa kali, na kila sakafu ilipokauka harufu ilirudi pale pale.

"Mwanangu," alinong'ona, "hapa pana mtu."

"Pana bomba bovu."

"Bomba halipumui."

Siku ya tatu, kwenye kitanda hicho alilala mama wa watoto wawili, mcheshi, aliyekuwa akiwatania wauguzi kati ya uchungu na uchungu. Mkunga aliinama, akaweka kifaa tumboni na sikio juu yake, akaanza kuhesabu. Moyo wa mtoto ulikuwa ukienda vizuri, mbio mbio, kama kawaida, na chini ya moyo ule, mbali, kama mtu aliye chumba cha tatu mlango ukiwa umefungwa, akasikia pumzi, kisha pumzi zikawa mnong'ono, kisha mnong'ono ukawa sauti ya mwanamke inayosema neno moja tu, Sista, neno moja tu, na kabla hajaondoa sikio akasikia sauti ya pili ikiijibu ile ya kwanza kwa ukali na haraka ya mtu mwenye njaa, na sauti hiyo ya pili ilikuwa yake mwenyewe.

Alijiinua. Masikio yake yalikuwa yakivuma.

"Mbona umenijibu hivyo?" mama mcheshi aliuliza. Ucheshi ulikuwa umemtoka wote.

"Nimekujibu nini?"

"Umesema hakuna anayesikiliza."

"Sijafungua mdomo, mama."

"Nimekusikia, Sista. Ilikuwa sauti yako."

Yule alijifungua jioni kwa shida, akilia mfululizo. Aliyefuata naye alisikia. Kufika mwisho wa wiki wanawake walikuwa wakinong'onezana kwenye benchi la kliniki kwamba Sista Ushahidi siku hizi anawakatisha tamaa wazazi, na hakuna tena aliyeulizia zamu yake. Mkunga hakujitetea. Angejitetea vipi? Maneno yalikuwa yake.

Ndipo akaletwa mwalimu wa chekechea, mimba ya kwanza. Vitanda vingine vilijaa. Akalazwa cha tatu. Hadi saa sita mchana alikuwa akienda vizuri. Saa saba uchungu ulikoma ghafla, kama maji yaliyofungwa. Aligeukia ukutani, macho makavu.

"Mwalimu, nitazame," mkunga alimwambia. "Unajisikiaje?"

"Kuna faida gani?" alisema mwalimu. "Wewe mwenyewe umeniambia. Tangu asubuhi unaniambia."

Moyo wa mtoto ulianza kupungua. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Akatuma jibu kwamba atakuja baada ya nusu saa. Mama msafishaji alimvuta mkunga kando ya pazia.

"Saa ya kutazama wagonjwa ndiyo hii. Nimemleta mtu. Usinikasirikie."

Mganga alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye mkoba wa ngozi na goti bovu. Ungemdhania shangazi wa mgonjwa. Alisimama miguuni pa kitanda cha tatu, akavuta pumzi puani, akasema, "Eee. Jini amekaa."

"Mimi siamini majini," mkunga alisema.

"Yeye hana haja uamini. Wewe Mungu unamwamini?"

"Hapana."

"Sawa. Hilo ni lako na Yeye, mimi halinihusu. Wapo majini wanaomcha Mungu na wapo wasiomjali, kama sisi tu. Huyu hutafuta mahali ambapo mtu aliachwa peke yake. Nani aliachwa hapa?"

Mkunga alitaka kusema hakuna. Badala yake alisimulia yote, kwa mnong'ono, macho sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatoa kinywani.

"Basi amelichukua neno lako amelivaa," mganga alisema. "Litangue."

"Nitanguaje? Niseme Mungu yupo wakati sioni hivyo? Huo ni uongo."

"Nani amekuambia useme uongo? Yule mwanamke alikuomba nini hasa?"

Mkunga akafungua mdomo kujibu. Kutoka chini ya kitanda, kwa sauti yake mwenyewe, taratibu na kwa upole wa kutisha, kitu kikasema, "Tulia, mama. Hakuna anayesikiliza."

Mwalimu akaanza kulia bila sauti. Mama msafishaji aliliacha dekio likaanguka. Mkunga akaenda hadi kichwani pa kitanda, akapiga magoti.

"Mwalimu, sauti hiyo ni yangu kweli. Nilimwambia hivyo mwenzako aliyekuwa akifa hapa. Dawa sikukosea. Nilimkosea yeye." Akamshika mkono. "Unataka kuomba?"

"Nataka. Maneno yamenipotea."

"Sema lolote. Nitasema nyuma yako."

"Kwani wewe unaamini?"

"Siamini. Lakini mimi nipo, na mimi nakusikiliza."

Mwalimu akasema, Mungu, usituache. Mkunga akasema, Mungu, usituache. Mwalimu akasema, mtunze mtoto wangu. Mkunga akarudia. Nyuma ya mgongo wake mganga alikuwa akisoma kitu kwa sauti ya chini, na kitanda kikatikisika, na ile harufu ikapanda mpaka ikawachoma machoni, na mapazia yote ya wodi yakavutwa kuelekea mlangoni kana kwamba nje kuna kinywa kinachofyonza, na kitu cha baridi, kirefu, kikapita kati ya gauni la mkunga na ngozi yake bila haraka, kama mtu anayejua njia. Mlango ukajibamiza. Uchungu ukarudi.

Binti alizaliwa kabla daktari hajavua glavu za upasuaji. Alilia hadi wodi ya wanaume wakacheka.

Mkunga alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia. Kilichomuumiza kilikuwa udogo wa jambo lenyewe. Maneno ya sala ile yalichukua pumzi tatu. Mke wa seremala alikuwa nazo. Yeye mwenyewe alikuwa nazo. Angeweza kumpa, asidanganye mtu, na mikono ikaendelea na kazi.

Mganga alimngoja kwenye korido, akisugua goti.

"Humu ametoka," alisema. "Lakini neno lile lina wenyewe. Mpelekee mumewe, kwa mdomo wako. Nenda mapema, kabla yake."

"Nitaenda kesho."

Kesho ilifika, akapiga pasi nguo badala ya kwenda. Keshokutwa akabadilishana zamu. Alikuwa ameona watu wakifa bila kupepesa macho, lakini kila alipofikiria uso wa yule fundi akisikia, alijitafutia kazi nyingine. Siku nane zikapita hivyo. Siku ya tisa alijilazimisha.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, sakafu imejaa maranda. Fundi alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Kando yake, ndani ya sanduku alilolitandika blanketi, mtoto alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Hodi, fundi. Sijui kama unanikumbuka."

Randa ilisimama. Mkunga akaona kwamba fundi anaogopa.

"Nitakusahauje, Sista? Jana ulikuwa hapa. Na juzi."

"Mimi?"

"Ulisimama hapo hapo uliposimama. Ukaniambia mke wangu aliomba neno moja, ukamnyima. Ulikuwa ukicheka."

"Fundi, sikuwa mimi. Wallahi sikuwa mimi." Kiapo kilimtoka kabla hajajua anaapa kwa nani.

"Mama mkwe alikuona pia. Juzi hiyo ukaomba umpakate mtoto. Nikakupa, nilikuwa nimechanganyikiwa. Ukamwinamia sikioni, ukamnong'oneza, ukanong'ona mpaka jua likazama." Akaiweka randa chini, akasogea akasimama kati yake na sanduku. "Tangu hapo hajalia. Hata akiwa na njaa halii. Jana niliogopa kukuuliza. Leo nakuuliza, Sista: ulimwambia nini mwanangu?"